Nyumba ya Kalundu, Saa Tisa Alasiri

Buyenzi, Bujumbura
Jumapili, 12 Mei 2024

Fundi wangu,

Huu ni mwaka wa sitini tangu nivuke kutoka Uvira, na mwezi wa kumi na moja tangu tukuzike. Hesabu ya kwanza nimeizoea. Hii ya pili bado naifanya kwa vidole, nikitumaini nimekosea mahali.

Nakuandikia kwa sababu nina neno na wewe. Ungekuwa hai ningekuja barazani kwako baada ya swala ya alasiri, ningekaa kwenye kile kiti chenye mguu mmoja mfupi, na tungelimaliza. Sasa sina pa kulipeleka ila kwenye karatasi. Majuma matatu nimekuwa na hasira nawe, hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo ulipokuwa hai, hata siku ile uliponifukuza kazini mbele ya wateja kwa kuwa nilifungua mlango wa chumba cha giza filamu ikiwa bado kwenye dawa. Hasira imepungua. Kabla haijaisha yote, nataka uisikie.

Nianze na habari za nyumbani. Studio ipo. Zuhura, kitindamimba wako, ndiye anayeiendesha. Chumba cha giza hakina giza tena: ametoboa dirisha, ameweka kompyuta mbili, na mashine ya kuchapisha iko pale ulipokuwa unaning'iniza filamu zikauke. Taa nyekundu ameitoa lakini hakuitupa. Iko juu ya kabati, imefungwa kwenye gazeti, na sijamuuliza kwa nini.

Wateja bado wanakuja. Watu wa gereji wanataka picha za kitambulisho, maharusi wanataka albamu, na wengi siku hizi hawaji kupigwa picha kabisa. Wanaleta simu. Wanasema wanaitaka hii, lakini bila yule mtu wa pembeni, au mbele ya nyumba nzuri zaidi, au wakiwa wamekaa na baba yao aliyekufa kabla hawajazaliwa. Zuhura anawauliza maswali mawili matatu, anakaa mbele ya kompyuta, na kabla ya adhuhuri yule mtu wa pembeni hayupo duniani.

Unanijua. Niligoma. Kila siku nilimrudishia maneno yako: kwamba picha inatengenezwa kabla kidole hakijagusa kitufe, kwamba utafute mwanga kwanza, umsubiri mtu apumue, na ukikosea ukubali kwamba umekosea. Yeye ananisikiliza kwa heshima yote, halafu ananijibu bila kugeuka, "Baba mudogo, we unapika bila chumvi juu watu waone kama nyama ni nzuri."

Nilicheka, lakini sikukubali. Na mwezi wa pili alinipa sababu ya kushangilia. Makanika mmoja wa mtaani kwetu, mtu wa miaka hamsini na kitu, alipiga picha ya kitambulisho, na Zuhura akamsafisha mpaka makunyanzi yote yakaisha. Kesho yake jamaa alirudi nayo. Aliiweka mezani, akasema polepole, "Dada, huyu ni mutoto wangu wa kwanza. Sasa mi picha yangu iko wapi?" Gereji nzima ilimwita mutoto wiki mbili.

Siku hiyo nilijiona mshindi. Nilimhubiria Zuhura kwamba kamera inasema ilichokiona, na kwamba kompyuta ndiyo iliyoleta uongo katika kazi yetu. Nilisema pia, na hili nalikumbuka vizuri kwa sababu linanichoma, kwamba baba yake hakuwahi kugusa uso wa mtu bila mwenye uso kujua na kutaka.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Unamkumbuka Safari, mtoto wa marehemu dada yangu, yule mwalimu. Ndiye damu yangu iliyobaki upande ule. Tangu ulipokufa amekuwa akinipigia simu kila Jumamosi, na kila mara anamalizia na neno lile lile: nirudi nyumbani, Fundi ameenda, huku nabaki na nani. Nilikuwa namjibu majibu yangu ya zamani. Unayajua. Kutoka hapa hadi Kalundu ni mwendo wa asubuhi moja, na siku isiyo na ukungu mtu akisimama ufukweni anaihesabu milima ya kwetu mmoja mmoja. Watu wameniuliza miaka yote nimewezaje kukaa mbele ya nyumbani bila kwenda. Mwanzoni nilikuwa na karatasi ya mkimbizi, na waliokuwa wakivuka kurudi walikuwa wanakamatwa. Baadaye mama akafa, na baada ya mama sikuona mtu wa kumwendea mbio. Kisha vita, upande ule na upande huu, kwa zamu. Kisha magoti. Wewe hukuwahi kuniuliza. Nilidhani ni adabu.

Mwezi wa tatu Safari alinitumia picha kwenye simu. Ilikuwa nyumba yetu ya Kalundu, chini ya barabara, imeupa mlima mgongo na uso wake unatazama ziwa. Kuta nyeupe, bati la rangi ya buluu, baraza na nguzo zake mbili. Mbele yake walisimama Safari, mkewe na watoto wanne wamevaa nguo za kanisani. Chini aliandika kwamba nyumba inaningoja, na chumba cha bibi wamekisafisha.

Nilikaa chini. Nyumba ilikuwa vile vile, Fundi. Nguzo ya kushoto ilikuwa bado imelala kidogo, kama baba alivyoiacha aliposema ataishughulikia mwezi ujao. Ningepaswa kushuku. Naona kila siku jinsi ziwa lilivyokula nyumba za upande huu, jinsi watu walivyohama na mabati yao vichwani. Lakini mtu akionyeshwa kitu alichokitamani miaka sitini haulizi maji yamefika wapi. Nilishukuru tu kwamba miaka ilikuwa imeihurumia.

Kesho yake nilimwambia Zuhura kwamba ninakwenda, na kwamba siendi kutembea, ninakwenda kukaa. Nilitaka nife katika chumba cha mama. Nilisema hivyo hivyo, bila kupamba, na yeye akageukia kompyuta yake akaandika kitu ambacho nadhani hakikuwa neno. Kitanda changu nilimpa jirani aliyeoa. Vitabu nilivigawa, jambo ambalo lilinichukua siku nne kwa sababu kila kimoja nilikifungua. Ufunguo wa studio nilimrudishia Zuhura. Mjane wako akaanza kunikusanyia vitu vya safari, na kila siku aliongeza kimoja ili mzigo usifungike.

Nilibaki na ombi moja. Nilimwomba Zuhura anichapie ile picha kubwa, ukubwa wa ukurasa wa gazeti, niwaonyeshe wazee wenzangu nyumba ninayokwenda. Akaichapa. Nikaichukua hadi mlangoni penye mwanga, nikaishika kwa kingo kama ulivyonifundisha, na kwa mara ya kwanza nikaitazama kama mtu wa kazi.

Ulisema watu wote huanza na nyuso, na uso unajua kusema chochote. Anza na miguu, ulisema, uulize kivuli jua liko wapi. Nikaanza na miguu ya Safari. Kivuli chake kilikuwa nyuma yake, kinaelekea nyumbani. Vya watoto vivyo hivyo. Basi jua lilikuwa mbele yao, juu ya ziwa. Asubuhi. Nikapanda hadi barazani. Kivuli cha nguzo ya kushoto kilikuwa kinashuka ngazi, kinakuja mbele, kinaelekea majini. Basi jua lilikuwa nyuma ya nyumba, juu ya mlima. Alasiri. Nikarudi kwa watoto, nikarudi kwa nguzo. Katika picha moja kulikuwa na asubuhi na alasiri.

Zuhura alikuwa ameitazama picha hiyo mara kumi na hakuona kitu. Simlaumu. Mtoto wa Bujumbura amekua na jua linalozama ziwani. Kwake ni kawaida mwanga utoke majini saa ambayo watu wanatoka kazini. Kwetu ng'ambo ni kinyume. Ziwa linatupa asubuhi, na alasiri jua linapita juu ya paa na kuteremka nyuma ya mlima mapema, watoto wakiwa bado wanacheza. Jambo hilo halimo ndani ya kompyuta. Analijua mtu aliyetumwa kuanua ndagala, dagaa wa ziwa letu, katika ua ule kabla kivuli cha mlima hakijawafikia.

Nilimwita Zuhura, nikamwomba aikuze nyumba peke yake, watu awaache. Sikumwambia kwa nini. Akakaa, akaikuza mpaka ukuta ukajaa kioo chote. Kazi ambayo jicho langu lisingeiweza aliifanya kwa dakika chache. Alinionyesha ukingo mwembamba kama unywele kando ya bati. Alinionyesha kwamba ukuta una chembechembe za filamu ya zamani na nguo za watoto hazina. Alisema rangi zote za nyumba zimepakwa, kwamba chini yake kuna nyeusi na nyeupe. Kisha akafika barazani, kando ya mlango, akaacha kukuza. Palikuwa na sehemu laini kupita kiasi, kama plasta mpya.

"Baba mudogo," akasema, "hapa walitoa mutu. Alikuwa amekaa."

Nilijua ni nani kabla hajamaliza. Ile nyumba ilikuwa picha yako, Fundi. Ilikuwa ni ile iliyoning'inia juu ya kitanda changu miaka hamsini, ila imepakwa rangi na mama ameondolewa. Dada yangu alikuwa na nakala yake. Ulimpelekea wewe mwenyewe.

Nakumbuka ulivyoipata. Mwaka wa kumi wa ukimbizi wangu uliitwa Uvira kupiga harusi, nami sikuweza kuvuka nawe. Hukuniambia utapita kwetu. Gari likawaharibikia Gatumba, ukafika Kalundu saa tisa alasiri, jua limekwisha kupita nyuma ya nyumba, na juma zima baadaye ulilalamika kwamba ulikosa mwanga wa uso wa nyumba kwa sababu ya dereva mmoja asiyejua kubadilisha mkanda. Ukamkalisha mama barazani, kivulini. Uliichapa peke yako siku uliyonituma kwenye ubatizo Kinama. Niliporudi ilikuwa mezani, imekauka. Mama kwenye kiti, mashavu yamejaa, anakutazama moja kwa moja kama mtu anayesubiri umalize upuuzi wako aende jikoni. Nilisema, mama ni mzima, tena amenenepa. Wewe ukasema chai inapoa.

Miezi mitatu baadaye tulipata habari kwamba amekufa. Niliamini ni ugonjwa wa ghafla. Nililia, lakini sikujilaumu, kwa sababu nilikuwa na picha.

Kabla ya kumpigia Safari nilitaka hakika. Zuhura akaenda nyumbani kwenu, akarudi na lile sanduku la bati ulilokuwa unaliweka chini ya kitanda, lenye negatifu ambazo hukutaka zikae studio. Bahasha yetu ilikuwa ya nne kutoka juu. Mwandiko wako wa mbele, kama kawaida: Kalundu, saa tisa, jua mlimani, tundu la lenzi nane, kasi sitini. Ndani kulikuwa na negatifu mbili. Ulipiga mara mbili, kama ulivyokuwa unapiga mara mbili kitu chochote unachokiheshimu.

Niliweka ya kwanza juu ya kioo chenye taa, nikachukua lenzi yako. Nguzo ile, kivuli kile. Uongo wa Safari ulikuwa umekamatwa. Kisha lenzi ikateleza hadi usoni kwa mama, nami nikaona mkono wako.

Ulinifundisha mwenyewe. Penye kivuli negatifu huwa wazi. Ukipaka risasi ya kalamu pale, taratibu, kwa ncha iliyochongwa kama sindano, kwenye karatasi panang'aa. Hivyo ndivyo tulivyowaondolea maharusi ule weusi wa chini ya macho, wenyewe wakiwa wameomba. Juu ya uso wa mama kulikuwa na risasi nyingi kuliko nilivyowahi kuiona kwenye uso wowote. Mashavuni, chini ya macho, shingoni pande zote mbili. Mistari midogo midogo, kazi ya siku mbili, safi kiasi kwamba nilitazama picha hiyo miaka hamsini, arobaini kati yake nikiwa mimi mwenyewe fundi wa kazi hiyo, na sikuiona. Mtoto hatafuti kalamu usoni mwa mama yake.

Zuhura aliniuliza kama nataka kuiona ya pili. Nikasema ndiyo. Aliipiga na kamera yake, akaigeuza kwenye kompyuta, nyeusi ikawa nyeupe, na mama akatokea. Hiyo hukuigusa. Fundi, alikuwa mifupa. Mikono ilikuwa imeshika kiti ili asianguke. Hakukutazama kwa subira. Alikuwa amekusanya nguvu zake zote za siku hiyo kwa ajili ya kukaa wima.

Nilitoka bila kuchukua kofia. Nilitembea hadi ufukweni, mchana wa jua, na milima ilikuwa wazi kabisa. Nilikuambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Ningevuka. Wangenikamata au wasingenikamata, ningevuka. Ningemshika mkono, ningelala mlangoni kwake kwa majuma machache yaliyobaki. Ulinipa mashavu ya kalamu, nikakaa Buyenzi kunywa chai. Nilirudi nyumbani, na studio sikuikanyaga tena. Ijumaa mjane wako alipokwenda kaburini kwako sikumsindikiza.

Safari nilimpigia siku iliyofuata. Hakukana. Nyumba ilikwenda miaka minne iliyopita, ziwa lilipopanda. Ukuta wa upande wa maji ulianza, na kwa siku tatu ulivuta mingine. Sasa wamepanga nyumba ya watu, juu ya barabara. Walisimama ufukweni asubuhi, mahali palipobaki, na rafiki yake anayejua mambo ya kompyuta akawawekea nyumba nyuma yao. Mama alitolewa kwa sababu mtu aliyekufa asingeweza kukaa barazani mwaka huu. Nilimuuliza kwa nini. Nikasikia watoto wakigombana nyuma yake.

"Mujomba," akasema, "kama ningekuambia maji ilikula nyumba, ungekuya?"

Jibu wote wawili tulilijua. Akasema alitaka nifike tu, nikishafika tungeongea. Nilimwambia nimeshampa mtu kitanda changu. Akasema kitanda kipo na huku pia, tena watoto wamekichagulia godoro. Mtu wa namna hiyo utamkasirikia mpaka lini? Nilimkasirikia mpaka jioni. Wewe nilikubakiza.

Juma lililopita Zuhura alikuja chumbani kwangu. Nilikuwa nimelala kwenye mkeka kama kijana. Hakusalimia vizuri, alinipa bahasha. Nilimwambia nimeshaisoma. Akasema nimesoma mbele. Aliitaka ili aandike namba kwenye kompyuta, akaigeuza, na nyuma, kwa yale maandishi yako madogo ya kalamu ya risasi, yapo maneno haya:

"Mashavu yamejazwa kwa ombi la mama mwenyewe. Anasema mwanawe asivuke, watamkamata. Amenitaka niape, nimeapa. Ya pili nimeiacha kama alivyo, siku moja mwanawe atakuwa na haki ya kuiona."

Nilisoma mara nyingi. Zuhura alikuwa amesimama tu pale mlangoni.

"Hakukudanganya mumoja," akasema. "Walikuwa wawili."

Basi nimekaa na hilo. Nilikuwa nimempigia Zuhura kelele kwamba kompyuta ndiyo iliyoleta uongo, na kumbe kalamu ya senti chache ilikuwa imenidanganya nusu ya maisha, ikishikwa na mkono safi kuliko yote niliyoifahamu. Na ile kompyuta ndiyo iliyonionyesha mama yangu. Lakini pia ni kweli kwamba bila macho uliyonipa, bila kuanza na miguu, ningekuwa sasa nimesimama ufukweni Kalundu na mzigo wangu, natafuta nyumba majini. Siwezi tena kusema hiki ni cha kweli na kile ni cha uongo kwa kutazama chombo. Natazama kama mtu aliyebadilisha ameacha mahali pa kumkamata. Rafiki wa Safari alimfuta mama na hakuacha alama. Wewe uliacha negatifu ya pili na maandishi nyuma ya bahasha.

Kwa hilo nakuheshimu. Lakini nikuambie na kinachobaki, kwa sababu nikikificha nitakuwa nimeshika kalamu mimi pia. Mama alikufa, hatari ile ikaisha, na mimi na wewe tukaendelea kukaa benchi moja miaka mingine arobaini na tisa. Kiapo chako kwa mama kilikuwa kimekwisha kazi. Kulikuwa na alasiri ngapi ambazo ungeweza kusema, Mukongomani, njoo, kuna bahasha? Nadhani uliogopa nitaondoka. Nadhani kila mwaka uliopita uliifanya iwe ngumu zaidi kuifungua. Nakuelewa. Ningependa tu kuisikia kutoka kinywani mwako, hata kwa kugombana, kuliko kuipata chini ya kitanda cha marehemu.

Jumatatu nilirudi studio. Zuhura alinipa ufunguo, na kabla sijakaa alikuwa ameshaniletea picha za harusi tatu nizikague mwanga. Tumekubaliana hivi, na hii ndiyo ahadi yangu kwako. Mimi nitapiga, au nitamsimamia anayepiga, mpaka picha isimame yenyewe bila msaada. Yeye atarekebisha kile mteja anachoomba, mteja akiwa amekaa pale pale, na ile isiyoguswa itahifadhiwa. Na nyuma ya kila picha iliyobadilishwa itaandikwa ni nini kimebadilishwa na nani ameomba. Yule makanika tumempigia upya, na makunyanzi yake yote. Aliitazama akasema sasa amezeeka siku moja. Akaichukua.

Picha zote mbili za mama ziko ukutani, ya mashavu na ya mifupa, kwa urefu mmoja. Siku za kwanza nilikuwa napita bila kuinua macho. Sasa nasimama. Nimeona kwamba katika zote mbili kidevu ni kile kile.

Safari nimemwandikia jana. Nimemwambia waje wao, shule zikifungwa, nitawapiga picha hapa, na nimemwambia amwambie rafiki yake kwamba ana mkono mzuri ila ajifunze jua. Mjane wako amefungua mzigo na kurudisha vitu kimoja kimoja, kwa mwendo ule ule aliovifunga. Neno la mama la kwamba nisivuke lilikuwa la hatari ya wakati ule, na sitajificha nyuma yake. Barabara iko wazi, na godoro lipo. Lakini nilitaka kurudi kwenye chumba kimoja, na hicho chumba hakipo. Na watu ambao ningeumia kuwaacha wako mitaa hii, mmoja wao ukiwa wewe. Ijumaa ijayo nitakuja kaburini na mjane wako. Sitakuja na maneno mengine, haya yatosha.

Pumzika, Fundi. Nimekusamehe, nawe unisamehe kwa majuma matatu.

Uvira sitarudi.